Kipigo Kilichogongwa Mara Tano

Fundi mihuri alikuwa na meza moja, taa moja ya kupinda shingo, na kiti cha wateja ambacho wateja hawakukikalia, kwa kuwa muhuri hauchukui muda. Mtu huja na karatasi yenye jina la ofisi na cheo chake. Fundi huyachora maneno hayo kinyume juu ya mpira, huyachonga kwa kisu chembamba, hubandika mpini, kisha hugonga mara moja kwenye karatasi ya majaribio. IMEPOKELEWA. Mteja hutabasamu, maana wapo watu ambao hawajawahi kuwa na mamlaka juu ya kitu chochote mpaka dakika hiyo. Hushukuru, huondoka, na harudi kwa miaka saba. Muhuri ukiwa mzuri, ndio mwisho wa mazungumzo.

Nyumbani nako kulikuwa kimya. Mke wake alikwenda mji mwingine kumsaidia binti yao aliyejifungua. Alikwenda kwa miezi mitatu. Mtoto yule sasa anafunga viatu vyake mwenyewe. Hapakuwa na ugomvi, wala talaka, wala neno lolote ambalo fundi angeweza kumweleza jirani. Mke alionekana kuhitajika zaidi kule, basi. Kila Jumapili alipiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Unalala vizuri?"

"Nalala."

"Haya baba, mjukuu anakusalimu."

Mjukuu alisikika kwa mbali akisema hataki. Fundi hakumlaumu, naye asingependa kusalimiana na simu.

Kwa hiyo saa kumi jioni, akishafunga kazi, hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alivuka barabara, akapita katikati ya duka la vifuniko vya simu, akaingia chumba cha nyuma, ambako mwanamke mmoja wa makamo aliweka mashine nne za gemu. Wateja walimwita Mama Plagi, kwa sababu wanaume wakianza kutukanana hakusema neno, alichomoa plagi. Mashine tatu zilikuwa mpya, za magari na za mpira, zenye picha safi hadi unahesabu jasho la mchezaji. Ya nne ilikuwa kabati la zamani la mbao, stiki mbili, vitufe kumi na viwili, na mchezo wake ulikuwa wa ngumi: wapiganaji wawili wamesimama kiubavu kama picha zilizobandikwa ukutani, mmoja kushoto, mmoja kulia.

Asiyeujua mchezo ule huuliza una utamu gani. Watu wenyewe ni bapa. Hawaingii ndani ya picha wala hawatoki. Wanakwenda mbele, wanarudi nyuma, wanaruka, wanachuchumaa, imekwisha. Lakini hapo hapo ndipo utamu ulipo. Huko barabarani, mtu akikujia na usiyoyataka, unaweza kuvuka upande wa pili ukajifanya unasoma bango. Mle hakuna upande wa pili. Kuna wewe, kuna yeye, na kuna nafasi iliyo kati yenu. Ukisogea hatua moja, unafikiwa. Ukirudi hatua moja, umejibana kona. Ngumi ya juu ina dawa yake, teke la chini lina dawa yake, na hata anayejikinga tu kama mlango uliofungwa hukamatwa na kubwagwa. Vitufe mtu hujifunza kwa siku mbili. Miaka inayobaki ni ya kumjua aliye kando yako: anaogopa nini, anaudhiwa na nini, anafanya nini akibakiwa na damu kidogo, yaani mstari wa uhai wake juu ya kioo ukikaribia kuisha.

Mashine yenyewe unaweza kucheza nayo, lakini ni kama kupiga soga na ngazi. Haiogopi. Inajua umebonyeza nini kabla kidole hakijainuka, na mara nyingine inajiachia ipigwe, kwa sababu aliyeiunda aliona huruma. Fundi alikwisha kuimaliza mara nyingi. Kila mara ilimwandikia PONGEZI kwenye kioo, yeye ambaye neno hilo alikuwa amelichonga kwa ajili ya shule kumi na moja.

Kazi yake ilikuwa imempa faida moja. Wapiganaji wakirukana na kubadilishana pande, mbele inageuka kuwa nyuma, na vidole vya watu wengi huchanganyikiwa. Vya fundi havikuchanganyikiwa. Miaka ishirini na sita ya kusoma vyeo vya watu kuanzia mwisho kwenda mwanzo ilimtosha.

Mpinzani wake alikuwa nesi wa kliniki ya mtaa wa pili, chumba cha kufunga vidonda, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye mume na watoto watatu. Alikuja Jumatatu na Alhamisi, kati ya kazi na nyumbani, kwa saa moja isiyokuwa ya mtu yeyote. Nyumbani walijua kwamba kliniki ina mikutano mingi. Alimtumia Gunia, mwanamieleka mnene mwenye mwendo wa kabati linalohamishwa, ambaye hata hivyo akikukamata, umekamatwa. Fundi alimtumia Mwembamba, mzee mwenye fimbo ndefu ambaye hekima yake yote ilikuwa kukaa mbali na watu.

"Mwanamume mzima unapigana kwa fimbo," nesi alikuwa akisema.

"Na wewe mwanamke mzima unapigana kwa tumbo."

"Tumbo hili limezaa, Fundi. Fimbo yako imefanya nini?"

"Jamani," Mama Plagi alisema bila kuinua macho kwenye gazeti lake, "plagi iko hapa karibu."

Mechi ilikuwa raundi tatu. Anayechukua mbili ndiye mshindi. Kwa miaka miwili nesi alichukua raundi nyingi, lakini mechi hakuchukua hata moja. Alipigwa, akacheka, akamwita fundi majina ambayo hayapatikani kwenye vitabu vya uuguzi, akaenda zake. Fundi aliamini huo ni mpango mzuri kwa pande zote. Washindi wengi huamini hivyo.

Jumatatu moja nesi alishika mkoba wake, akabaki amesimama.

"Nafikiri nitaacha, Fundi. Mtu mzima na watoto wangu, napigwa kama ngoma."

Alisema kwa mzaha. Fundi hakulala. Kabla hakujakucha alikuwa ameshaamua, na uamuzi wenyewe ulikuwa wa kifundi. Mtu mwingine angelegeza mkono hapa na pale, leo hivi, kesho vile. Yeye alikaa akatengeneza kipigo kimoja, kizuri, safi, kisichoonyesha alama za kisu: raundi ya tatu, zikibaki sekunde kumi na mbili, Mwembamba anaruka mbele, anatua miguuni kwa Gunia, anasahau kukinga chini. Alhamisi akakigonga. Kilitoka vizuri mno hata nesi akarusha mikono juu, akampiga fundi kofi begani.

"Mama Plagi! Andika tarehe!"

"Imeandikwa, mwanangu," alisema Mama Plagi, ambaye hakuwa na kalamu.

Fundi alikwenda nyumbani akiwa mwepesi. Na kwa kuwa kitu kikitoka vizuri hakuna sababu ya kuchonga kingine, Jumatatu akakigonga tena. Na Alhamisi. Mara ya nne nesi hakurusha mikono. Mara ya tano aliachia stiki kabla Mwembamba hajagusa ardhi.

"Fundi."

"Naam."

"Sekunde ya kumi na mbili. Kila mara. Unaruka, unatua hapo hapo, unasahau kukinga chini."

"Bahati mbaya, Nesi."

"Bahati mbaya haina saa." Alimgeukia. "Umenihurumia?"

Fundi alitazama vitufe.

"Kutwa nzima mimi ndiye wa kuhurumia watu. Namhurumia mwenye kidonda, namhurumia aliyemleta, namhurumia daktari anayesinzia. Huku nakuja kupigwa na mtu asiyenihurumia. Mahali pamoja tu, Fundi. Pamoja tu! Na wewe umepaharibu."

Akachukua mkoba, akaenda. Safari hii hapakuwa na mzaha ndani yake.

Jumatatu hakuja. Alhamisi hakuja. Fundi alikwenda siku hizo, akaongeza na Jumanne na Jumatano, huenda zamu zimebadilishwa. Alicheza na dereva wa lori aliyebonyeza vitufe vyote kwa wakati mmoja kama mtu anayekanda unga. Alimmaliza kwa sekunde ishirini, na dereva akaondoka akisema mashine mbovu. Akacheza na mashine. Ikampongeza.

"Kamwombe radhi," alisema Mama Plagi.

"Kliniki? Niseme nina kidonda?"

"Sema una ujinga. Watakuandikia dawa."

"Watanipanga foleni."

"Utapangwa nyuma ya wengi, hilo kweli." Alikunja gazeti. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Atarudi."

Fundi alitafakari methali hiyo siku mbili dukani, akichonga muhuri wa chama cha wafugaji kuku, bila kupata uhakika zimwi lilikuwa nani.

Nesi alirudi wiki ya nne, Alhamisi, bado akinuka spiriti. Hakusalimia. Aliweka mkoba chini, akashika stiki ya kulia.

"Mechi moja. Ukiniachia, hunioni tena humu."

"Sitakuachia."

"Anzisha."

Fundi alikuwa hajawahi kucheza vile. Raundi ya kwanza Gunia hakumsogelea hata mara moja. Fimbo ilimpokea kila alipoinua mguu. Ya pili Gunia alikubali kuchapwa mara mbili ili afike, akafika, akamkamata Mwembamba, akambwaga mpaka kengele. Ya tatu walikwenda sawa kwa sawa, na Mama Plagi akaacha gazeti. Zikabaki sekunde tano. Gunia alikuwa na damu uzi mmoja. Fundi alijua kitakachofuata: nesi akiogopa huruka. Miaka miwili, kila akibakiwa na uzi ule, aliruka. Akatulia kidogo, akaelekeza fimbo juu, akamsubiri hewani.

Gunia hakuruka. Alitembea. Hatua mbili nzito chini ya fimbo, akamkumbatia Mwembamba, akambwaga, na kabla mzee hajasimama sawasawa akambwaga tena, damu ya mzee ikaisha.

Kilichompata fundi wakati huo hakuwahi kukisema kwa mtu. Kilikuwa furaha. Kwa nusu sekunde alikuwa kando ya binadamu na hakujua binadamu huyo atafanya nini, na binadamu alikuwa amefanya jambo kwa ajili yake yeye, si kwa ajili ya mwingine. Aligeuka akitabasamu.

Nesi alikuwa ameshaokota mkoba.

"Umeniachia," alisema.

"Sikukuachia!"

"Apa."

"Naapa."

"Hata siku zile ungeapa."

Ilikuwa kweli. Fundi mihuri kuliko mtu yeyote alipaswa kulijua hilo: ofisi ikishagundua muhuri wa bandia, hata barua halali hupelekwa zikakaguliwe. Alikuwa amempa nesi ushindi wa uongo mara tano, na malipo yake ni kwamba ule mmoja wa kweli haukuwa na thamani mikononi mwa nesi.

"Kama ni kweli," nesi alisema akiwa mlangoni, "nieleze nimekupigaje."

Fundi hakuwa msemaji. Alianza kwa vidole, akionyesha kwenye kioo kilichokwisha kurudi kwenye tangazo lake. "Wewe ukiogopa unaruka. Ukiudhika unakuja mbele bila kukinga. Ukiwa umechoka kazini, unarudi nyuma hatua mbili, unakaa, kama mtu aliyefika nyumbani. Ukishinda raundi ya kwanza, ya pili unaicheza vibaya, sijui kwa nini, kama vile unaona umechukua kisicho chako. Leo ulikuwa na uzi. Nikajua utaruka. Nilielekeza fimbo juu. Ukatembea." Akaigusa stiki ya kulia. "Ulitembea, Nesi. Sikuwa na jibu."

Mashine za magari zilikuwa zikijiendesha zenyewe.

Nesi alirudi, akaegemea kabati. "Hayo ya raundi ya pili hata mume wangu hayajui."

"Hachezi."

"Hachezi," alikubali. Akamtazama. "Unataka kujua kwa nini sikuruka?"

"Nataka."

"Kwa sababu nakujua na wewe. Wewe ukikaribia kushinda, unapunguza mwendo. Nimeliona zamani. Mtu ana uzi mmoja, unaweza kummaliza kwa kofi, na wewe unatulia, unazungukazunguka. Mwanzoni nilidhani ni madharau." Alitengeneza mkanda wa mkoba begani. "Hutaki iishe. Leo nikatembea hapo ulipotulia."

Fundi aliondoa mkono kwenye stiki.

"Sasa nimeamini," nesi alisema. "Mama Plagi, hii ndiyo uiandike. Zile tano futa."

"Zimefutwa."

"Lini?" fundi aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyokusudia.

"Jumatatu, Fundi. Na uje na dawa ya huo ugonjwa, maana nitautumia mpaka ulie."

Alitoka akipita kati ya vifuniko vya simu, na kutoka nyuma ilionekana wazi kwamba anatembea kama mtu aliyeshinda. Fundi alibaki mbele ya kabati. Hesabu ilikuwa rahisi. Akiacha kupunguza mwendo angeshinda, na mechi zote zingekwisha mapema. Asipoacha angepigwa, na safari hii kwa haki. Alikuwa na siku nne za kuamua, na hakuwa na mtu wa kumuuliza ila huyo huyo aliyeondoka.