Ng'ombe wa Théodore Anasomesha

Ni asubuhi huku Bagira, kando ya Bukavu, na mvua ya usiku bado inachuruzika kwenye migomba. Évariste Cirhuza anabandua udongo uliozibia mdomo wa tanuru, anapenyeza mkono ndani, kisha anautoa polepole. Matofali bado yana moto. Wenzake wanangoja neno lake, maana lori la mkandarasi litafika adhuhuri.

"Tuiache," anasema. "Tukifungua mbio, itapasuka yote."

Ana miaka hamsini na ushee, na mikono yake imeingia rangi ya udongo hadi sabuni imekata tamaa. Amefyatua matofali ya nyumba nyingi mpya za Bukavu, naye analala katika nyumba ya udongo kule Kadutu. Mshahara wake, asema mkewe Constance, unafika nyumbani na kuishia kwenye chumvi. Mtu huyo ndiye aliyeanzisha mfuko wa kusomesha watoto. Mfuko wenyewe hauna sanduku wala benki. Una ng'ombe.

Ng'ombe wa kwanza alikuwa wa Théodore, mtoto wao wa pekee. Kama wazazi wengi wa kabila lao la Bashi, walimweka ng'ombe huyo kwa ndugu huko kijijini kwa ajili ya mahari ya kijana wao. Théodore alipomaliza shule ya msingi alitaka kuendelea, awe mwalimu. Nyumbani hapakuwa na uwezo, na wazo la kumuuza ng'ombe wa mahari halikumpitia mtu yeyote kichwani. Kijana akaenda Kamituga kuchimba dhahabu. Mwaka 1954 udongo ukamfunika shimoni, akazikwa kulekule.

"Ngombe ilibakia inatuangalia," anasema Constance. "Kila mara naenda kuiona, nalia. Nilimuambia baba yake: hii ngombe itoke, ama mimi nitatoka."

Wakakubaliana isomeshe mtoto wa watu. Padri mmoja aliwaelekeza kwa Bulonza, mkulima wa Walungu, ambaye binti yake Adolphine alikuwa ameanza kusomea ukunga Katana lakini hana blanketi, hana sare, hana nauli. Maziwa yangeuzwa, yamtunze msichana huyo. Ndama jike wa kwanza angekwenda kwa familia nyingine yenye mwanafunzi. Wafyatuaji matofali watatu wakavutiwa, nao wakaahidi kila mmoja ndama.

Évariste alimswaga ng'ombe hadi Walungu kwa miguu, akamkabidhi Bulonza fimbo ya kuchungia, akarudi na moyo mweupe.

Haukupita mwezi, Adolphine akatokea mlangoni Kadutu na furushi kichwani. Alisalimia, akachukua ufagio. Kesho yake alikwenda kuchota maji. Wenyeji walidhani ni likizo, hadi Évariste alipomuuliza atarudi shule lini.

"Papa yangu alisema shule imeisha," msichana akajibu. "Ngombe yenu iko kwetu, basi mimi niko kwenu."

Hapo mzee alikaa chini. Kwa desturi ya Bashi, anayekupa ng'ombe hakupi maziwa peke yake. Unakuwa mtu wake: utamlimia, utamjengea, utampelekea pombe ya ndizi. Huo ndio bugabire, na hakuna Mushi asiyeujua. Évariste naye aliujua. Ila alikuwa amekaa mjini siku nyingi, akasahau kwamba ile fimbo inasema "wewe ni mtu wangu" hata kama anayeitoa amenyamaza. Ng'ombe aliyetolewa ili mtoto asome ndiye aliyemtoa mtoto darasani.

Alimrudisha msichana Walungu. Bulonza aliona ametukanwa, na majirani walikuwa wamekwisha kusanyika.

"Muzee, unanipatia ngombe, mimi nikupatie nini? Aksanti ya mudomo?" alisema. "Niko maskini, lakini siko mutu bure. Ukimurudisha mutoto, rudisha na ngombe yako."

Inauma kumfikiria Adolphine wakati huo, amesimama kati ya wazee wawili wenye heshima zao, na kila mmoja akitaka kumtendea haki mwenzake. Kama ng'ombe angeondoka, shule yake ilikuwa imekwisha kweli.

Évariste aliomba arudishiwe fimbo. Tangu msiba hakuwahi kulitamka jina la mwanawe mbele ya watu. Siku hiyo alilitamka.

"Hii ngombe haiko yangu. Mwenyewe ni Théodore, mutoto wangu, eko mu udongo ya Kamituga. Hana shamba ya kulimiwa, hana nyumba ya kufagiliwa. Alipenda masomo tu. Mutoto wako asome, hiyo njo kumutumikia."

Bulonza alivua kofia, akaipokea fimbo upya, kwa mikono miwili. Wiki hiyohiyo Adolphine alirudi Katana, na mwaka huu wa 1957 anakaribia kumaliza.

"Nilikuwa nangoja banitume maji tena," anasema Adolphine na kucheka kidogo, halafu kicheko kinamwisha. "Kumbe banazungumuza juu yangu, na mutu hakuniuliza."

Toka hapo mfuko una sheria moja: mwenye kutoa ng'ombe hashiki fimbo. Anayeikabidhi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetangulia, na hakuna anayekuwa mtu wa mwingine. Jumapili ijayo, baada ya misa, Bulonza atamkabidhi ndama kwa Euphrasie, mjane wa Katana, ambaye kijana wake Apollinaire amepata nafasi ya kusomea ualimu. Évariste atakuwepo. Atasimama nyuma na wageni wengine.

Tunamuuliza kama haimuumi kukosa hata shukrani. Anainuka kwanza, anapapasa tena mdomo wa tanuru, anatikisa kichwa: bado.

"Ndama zikizaa, na ndama zao zizae, siku moja mutu atakuya kuuliza huyu Théodore mwenye ngombe alikuwa nani," anasema. "Sitaki ajuwe alikufa mu shimo, na hakuwa na kitu. Nataka awaze alikuwa tajiri."