Nyanya za Muleba na Vimelea Waliosahau Kuua

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, brashi na onyo. Vita na Uganda ilikuwa imekwisha juzi tu, na kituo cha majaribio ya kilimo, upande wa Kibeta, Bukoba, kilitafuta mtu wa kuosha vyombo vya maabara. Mimi niliishia darasa la nne, Kashozi. Mtaalamu wa Magonjwa ya Mimea alinionyesha visahani vya kioo vyenye vifuniko, akasema, "Humu kuna bakteria wa mnyauko. Ukila bila kunawa, shauri yako."

Alinitisha bure. Vimelea wale huua nyanya, viazi na bilinganya; mtu hawamdhuru. Lakini mimi nilinawa mpaka mikono ikababuka.

Mtaalamu yule alikuwa na jambo moja la kujivunia kupita yote. Kipindi chote cha vita, wenzake walipokimbia, yeye aliwatunza vimelea wake. Kila wiki aliwachota kwa waya uliopitishwa motoni, akawahamishia kwenye kisahani kipya chenye agari, yaani uji ulioganda wa kuwalisha. Wageni wakija aliwaambia, "Hawa ni askari wangu. Hawajakosa chakula hata siku moja." Wageni walipiga makofi.

Kazi ya kuwahamisha alinifundisha mimi, kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Uji ule tuliutia dawa nyekundu. Kimelea mkali huota tone kubwa, jeupe, lenye utelezi kama kamasi, na katikati wekundu kidogo. Hilo sikulisoma popote. Nililiona kwa macho haya.

Miaka michache baadaye nikahamishiwa shamba la majaribio, Muleba. Ikaja mbegu mpya ya nyanya, ikasemekana haiugui mnyauko. Kazi yangu ilikuwa kuchoma mashina yake, na ya mstari mmoja wa nyanya ya kienyeji wa kulinganishia, kwa sindano yenye vimelea wale wa vita, kisha kusubiri. Wiki mbili zikapita, hakuna mche uliolala. Mtaalamu akaanza kuimba. Mimi nikamfuata.

"Bwana Mtaalamu, hata mstari wa nyanya ya kienyeji umesimama. Ile inayonyauka ukiiangalia vibaya tu."

"Basi hukuchoma sawasawa, Ma Koku."

"Nimechoma. Tazama kisahani. Yale matone ya kamasi yako wapi? Sasa ni vidoa vidogo, vyekundu, vikavu. Hawa si wale."

Akacheka. "Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne."

"Basi kaoshe visahani."

Kwenye ripoti yake mstari wa kienyeji akaufuta. Nasema akaufuta! Mbegu ikagawiwa kwa wakulima.

Miongoni mwao alikuwa dada yangu Adventina. Mume wake alikuwa amezikwa kwa ule ugonjwa tulioupa jina la Juliana, UKIMWI wa leo, na shemeji zake wawili vilevile, akabaki na watoto saba, wake na wa shemeji hao. Kahawa ilikuwa imezeeka. Ada ya mtoto mkubwa, Consolata, aliyefaulu kwenda sekondari, ilikuwa itoke kwenye nyanya. Nilimwambia, "Subiri kwanza, mbegu hii haikujaribiwa vizuri." Akanikatiza kwa neno moja: "Koku, wenzako wana vyeti. Wewe una ndoo." Akang'oa maharage yake pembeni mwa kibanja chake cha migomba, akapanda nyanya.

Zilipotoa maua, zikalala. Asubuhi zimesimama, mchana majani yananing'inia mabichi kama nguo zilizoanikwa bila kukamuliwa. Shamba zima, na la jirani, na la jirani yake.

Bwana Mkuu wa Kituo akaja kwa gari, akasimama mbele ya wakulima. "Mmemwagilia maji kupita kiasi."

Sikuvumilia. Nilikata shina moja la nyanya, nikalitumbukiza ncha kwenye glasi ya maji safi. Kitambo kidogo, nyuzi nyeupe zikaanza kushuka kutoka kwenye shina, kama maziwa. "Waitu, ndugu zangu, tazameni. Ni bakteria hao. Hawa wa shambani kwenu ndio wakali. Wale waliotumika kupima walikuwa wamelegea."

Adventina akamgeukia Mkuu. "Kwa hiyo, Bwana, maji ndiyo yametoa kamasi?"

Watu wakaangua kicheko. Mkuu hakucheka. "Nani amemruhusu mfagizi kuongea?"

Wiki iliyofuata nilirudishwa Bukoba kufagia uwanja. Na Consolata hakwenda sekondari.

Miaka ilipita ndipo mtafiti mmoja, binti mwenye subira, akanieleza. Bakteria wakiwa wachache ndani ya mmea hujificha, hawana fujo. Kila mmoja hutoa kitu fulani, kama harufu, na wakishakuwa wengi hukihisi kimejaa. Hapo jeni moja kubwa, ile inayoziamrisha nyingine, huamka na kuziagiza zitengeneze kamasi. Kamasi huziba mirija ya maji, mmea hufa kwa kiu. Ukiwalisha sahanini mwaka hadi mwaka, bila mmea wa kupigana nao, jeni ile huharibika kwa baadhi yao, na hao ndio huongezeka. Wanashiba, wananawiri, hawaui tena.

"Bibi, wewe ulikuwa umeona kweli," akasema.

Nilijua kwamba nilikuwa nimeona! Sikuhitaji kuambiwa hivyo baada ya watoto saba kula hasara.

Barua yangu ya kustaafu imeandika "mfagizi". Nimeiweka sandukuni, siitundiki. Consolata sasa ni mama wa watu wazima, hajawahi kunilaumu; anayelaumu ni mimi, na sitaacha. Nyinyi vijana wa maabara mnaokuja kuniuliza tulifanyaje kazi, jibu langu ni hili. Kabla hamjapima mbegu yoyote, chomeni kwanza kwa vimelea wenu mche mmoja wa nyanya dhaifu. Ukifa, endeleeni. Usipokufa, fungeni mdomo, na msimpelekee mjane mbegu.