Nimemuundia Mdogo Wangu Kompyuta ya Gemu, Sasa Naogopa Kuiwasha

Shikamooni wakubwa, na nyie wadogo hamjambo. Nimeomba jina langu lifichwe maana hapa Tabora nusu ya mtaa wetu wanausoma ukurasa huu, akiwemo mke wangu. Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, fundi redio mstaafu. Ukweli ni redio zilizostaafu, mimi nimebaki na bisibisi mkononi. Nimechoka, jamani, mwili na roho.

Nina mdogo wangu wa kike, ana hamsini na nane. Tangu avunjike nyonga anaishi kwangu, ni mtu wa kukaa kitini tu. Likizo iliyopita mjukuu wake alikuja na kompyuta, akamfundisha gemu ya kujenga kwa vitofali vya mraba. Unajenga nyumba, unachimba kisima, unafuga ng'ombe. Bibi akanasa! Mjukuu alipoondoka, mdogo wangu alilia kama mfiwa. "Kaka, nyumba yangu imeondoka na basi," akaniambia.

Nikasema potelea mbali, mimi si fundi? Nikapata mashine ndogo ya mtumba iliyotupwa na ofisi, nikaifungua mezani. Vumbi lililotoka humo ungepanda viazi. Nikaongeza memori, nikapachika kadi ndogo ya picha isiyokula umeme mwingi, feni nikaing'oa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Skrini ni ya kuombaomba. Iligoma mara tatu, ya nne ikawaka. Mdogo wangu alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. "Mayo wane, mama yangu wee! Kaka, Mungu akuzidishie!" Siku hiyo nilijiona mtu.

Sasa sikilizeni. Hakujenga ghorofa. Alijenga kwetu kwa zamani, huko Uyui, kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa. Akaweka zizi, ghala la mtama, mpaka ile njia ya kale ya wapagazi iliyopita nyuma ya nyumba. Tulihama ana miaka minane, lakini hajasahau hata kizingiti. Kuta zikasimama. Alipofika juu, akaacha.

"Paa siwezi," akasema. "Nikifumba macho naona siku ile shangazi aliponirudisha nyumbani, nikakuta nyumba iko wazi, mama amekaa chini na vyungu vyake. Baba aliniambia walioezua ni watu wa mbali." Kisha akasema neno alilolisema maisha yake yote: "Aliyeezua paa letu, popote alipo, na kwake kuvuje." Mke wangu akaitikia amina. Nami nikaitikia amina. Bati la chumbani kwangu linavuja tangu masika, nimeziba mpaka basi.

Ndugu zangu, hapakuwa na watu wa mbali. Niliezua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na nane, nimo kwenye kikundi cha vijana wa kuhimiza watu wahame, kifua mbele, nyimbo mdomoni. Wazee walihama leo, kesho wamerudi kwenye mahame yao, ikaamuliwa nyumba ziezuliwe. Kiongozi wetu akauliza nani ataanza na kwao, watu waone mfano. Nikanyoosha mkono. Sikulazimishwa na mtu. Nikapanda na panga, nikakata kamba, nikashusha nyasi ambazo baba alikuwa ameziezeka msimu uleule. Baba alisimama chini. Aliponiona natafuta pa kukanyaga, akasema tu, "Kanyaga kushoto, hapo boriti imeoza."

Mvua ilinyesha wiki hiyohiyo, na kule kijijini tulikuwa hatujamaliza hata kukandika. Mama alishikwa na kichomi, hakumaliza mwezi. Baba amekufa hajanisema hata siku moja. Walioshuhudia wote wameshatangulia.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi, mdogo wangu akaniita. "Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Njoo ukae hapa. Wewe ulikuwa mkubwa, unajua paa letu lilivyokaa. Ezeka wewe, mimi nitazame." Akanishikisha mausi.

Nikamdanganya kwamba feni inanguruma, nikaichomoa, nikasema naipeleka kwa fundi. Fundi gani? Iko mfukoni mwangu mpaka sasa. Kila asubuhi ananiuliza, "Kaka, imepona?" Namwambia bado.

Nikisema, namnyang'anya ndugu pekee aliyebaki naye, na ndiye anayemsogezea kiti na kumpa uji. Nikinyamaza, nitaezeka paa lile mbele ya macho yake huku ananishukuru. Hilo siliwezi. Heri anitukane.

Kuna kitu sijawaambia. Mke wangu humsomea visa vya ukurasa huu akimsuka nywele, na hawaruki hata kimoja. Hiki nacho atamsomea. Jina nimelificha, lakini feni ataijua. Naona kinywa changu kimeshindwa, nimemtuma mke wangu bila yeye kujua.

Nishaurini, wenzangu, nifanye nini atakapofika kwenye hiyo feni: nitoke nje, au nibaki nimekaa palepale, nimeishika mkononi?