Onyo la dawa nililomficha mume wangu

Admin, nifichie jina. Mume wangu hana simu, ila wajukuu wetu wanasoma hapa. Mimi ni mama wa miaka 64, naishi Kamina.

Enzi za Zaire mume wangu alikuwa sajenti pale kambini. Akashikwa na zona, yale malengelenge yanayozunguka ubavu na kuunguza. Muuguzi wa zahanati akampa vidonge vipya vya kuua virusi, vilivyotoka Lubumbashi, na kila asubuhi akawa anampaka dawa mgongoni. Mgongoni kwa mume wangu! Naye akirudi ananisifia mikono laini ya yule dada. Yangu ilikuwa imekomaa kwa kutwanga muhogo. Niliona wivu, siwadanganyi.

Nikamkataza kwenda, nikawa nafuata vidonge mwenyewe. Muuguzi akaniambia, "Mama, hii dawa inakatalaka mwili ya bantu bengine. Akianza kujikuna, usimupe tena hata moja. Akuye hapa mbio, nimuangalie miye mwenyewe."

Amwangalie yeye mwenyewe! Mimi nilisikia hilo tu. Nikajua anatafuta njia ya kumrudisha kwake. Nyumbani sikusema neno.

Siku ya tatu akatoka vipele kifua kizima, anajikuna. Nikamwambia, "Baba, iko joto tu. Meza dawa." Akameza, kutoka mkononi mwangu. Kesho yake midomo ikapasuka, ngozi ikaanza kubanduka, macho yakafungika. Hospitalini walimwokoa, lakini jicho moja halikuona tena.

Muuguzi alilia mbele ya wakubwa, "Nilimuambia bibi yake!" Nikakana. Wakamhamisha kwa aibu, na mpaka leo mume wangu anamlaani.

Sasa yule muuguzi amerudi Kamina, mzee, anatembea na fimbo. Jumapili tulikutana naye mlangoni mwa kanisa. Mume wangu akageuza uso. Yule mama akanitazama mimi, akapita.

Nataka kusema ukweli kabla hatujafa. Lakini namjua mume wangu: siku hiyohiyo atakwenda kwake kuomba msamaha. Atakaa, watakumbushana ya zamani, na yule mama atamshika mkono. Jamani, jicho lake nilishalizoea. Mkono ule bado unaniuma. Nimwambie, au ninyamaze hadi kaburini? Niambieni, msinionee huruma.