Seva Iliyojibu "Nipo"

Swaumu Mhina, fundi kompyuta wa Kilole, ni mtu wa kuweka akiba ya kila kitu. Mlango wake una kufuli mbili, simu yake laini mbili. Alipokabidhiwa tovuti ambayo wauguzi huitumia kutafuta damu ilipo, alikataa katakata iendeshwe na seva moja. Moja aliiweka Korogwe, ya pili Handeni. Kila dakika ile ya Handeni ilimuuliza mwenzake, "Upo?" Ikikosa jibu, ishike kazi yenyewe. Sisi tunaofanya naye kazi tulimtania kuwa amefuga wake wenza.

Alhamisi moja mchana diski ya Korogwe ilijaa. Seva haikuzima. Ilitoa kurasa tupu, na kila ilipoulizwa "Upo?" ilijibu "Nipo." Ya Handeni ikatulia. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila safari hii kifo kilikwenda kwa mwingine.

Katika zahanati moja upande wa Segera, Pendo alikuwa amejifungua na damu haikatiki. Nesi Maryamu alifungua tovuti, akaona ukurasa mweupe. Akaanza kupiga simu, hospitali moja baada ya nyingine. Damu ya kundi lake ilipoonekana Korogwe, Pendo alikuwa ameshafariki.

Siku ya tatu Swaumu alikwenda msibani. Nilimwambia wazi kwamba anajitafutia balaa, hakunisikia. Gerald, mume wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye jamvi. Kila aliyeingia alimsalimu, "Habari za hapa?" Naye, macho mekundu, alijibu, "Nzuri," ndipo akapokea pole. Ndivyo tulivyolelewa. Swaumu aliposikia jibu hilo alijua kosa lake lilikotoka, akalia mbele za watu.

"Pole sana, kaka Gerald. Kosa ni langu," alisema. "Ile mashine ilikuwa inaulizwa kama ipo tu, haiulizwi kama inaweza kazi. Sasa nimebadilisha. Inaulizwa damu yenyewe iko wapi, na isipotaja, ya Handeni inashika."

Gerald akampa simu yake.

"Nionyeshe."

Swaumu aliandika kundi la damu la Pendo. Ukurasa ulifunguka papo hapo: Korogwe, chupa mbili.

"Hizi zimeletwa lini?" Gerald aliuliza.

Swaumu alitamani kudanganya.

"Ni zilezile," alisema.