Kundi la Sidonie na Mathilde

Mwaka 1954 mwalimu Ernestine alipewa darasa la pili la wasichana katika shule ya misheni, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Kabambare, mashariki mwa Kongo. Walikuwa arobaini na wanane. Akiuliza swali, mikono mitatu tu iliinuka, ile ile kila siku. Wengine waliinamisha macho. Nyumbani walisema Kibangubangu, na aliyekosea Kiswahili alichekwa.

Katikati ya mwaka, sanduku la vibao vya kuandikia lilianguka kutoka kwenye lori njiani. Vikapona kumi na viwili. Ernestine akawaketisha wanne wanne, kila kundi na kibao chake, wapige hesabu pamoja. Wa kusimama kujibu angemchagua Ernestine mwenyewe, na alama yake ingekuwa ya kundi zima. Basi aliyejua ilimbidi amweleweshe asiyejua, kwa Kibangubangu kwanza, kisha wakatafuta maneno ya Kiswahili.

Mathilde, aliyekuwa wa kwanza darasani, alinuna, akasema wenzake wanamrudisha nyuma. Ernestine alimsimamisha Sidonie wa kundi la Mathilde, mtoto ambaye tangu aanze shule sauti yake ilikuwa haijasikika. Sidonie akakwama, na kundi zima likakosa alama. Kesho yake Mathilde alikuwa ameinama kando yake, anampangia punje za mahindi za kuhesabia.

Miezi miwili baadaye padri mkaguzi alisikia kelele akasimama mlangoni. Akasema shule si soko. Mwalimu mweusi hakuzoea kumjibu mkaguzi Mzungu, lakini Ernestine alimjibu.

"Padri," akasema, "chagua mutoto yeyote, umuulize."

Padri akamwonyesha Sidonie. Thelathini na sita ukigawa kwa nne, ni ngapi? Sidonie akasimama.

"Iko tisa, Padri." Kisha, bila kuulizwa, akaongeza: "Mathilde ndiye alinifundisha."

Padri aliandika kwamba darasa lina kelele na hesabu wanaijua. Hakukataza kitu.

Masista waliosimamia shule wakamtaka Ernestine awaonyeshe walimu wenzake watatu. Wawili walimfuata, wa tatu alisema kazi hiyo inachosha kichwa. Ernestine mwenyewe alifundisha hivyo hadi 1959, alipoolewa na kuhamia Nyangwe, na misheni ikampa nafasi yake yule mwalimu wa tatu aliyekataa njia hiyo.