Fimbo Mbili Juu ya Chesisi

Kiburi cha jicho ndicho kosa nitakalokusimulia, mwanangu: ile tabia ya kukitazama kitu, kukipenda, kisha kukiita sawa. Umenionyesha mchoro wa gari unalotaka kulijenga mwenyewe, bodi kuukuu ya pikapu, injini kubwa iliyoachwa wazi bila boneti, na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari lote, utakayoichomelea hapa nyumbani. Sikukatazi. Ndoto hiyo mimi mjomba wako niliiota kabla yako.

Inanijia alasiri moja ya manyunyu, hapa hapa kwetu, juu ya mji wa Litein. Marehemu baba alikuwa amenipa vyuma vya trela yake ya trekta, akaniambia hana vingine. Niliviinua juu ya mawe uani, mahali ambapo chai imetuzunguka. Pimamaji sikuwa nayo, wala sikuona haja ya kumwomba jirani. Chai iliyochumwa vizuri si huwa bapa kama meza? Basi chuma cha kulia nikakilinganisha na chai ya shamba la juu, cha kushoto na ya shamba la chini, nikavichomelea viungo vyote moja kwa moja. Ilipendeza kweli! Dada yangu mdogo Chebet, huyo mama yako, alikwisha kutangaza shuleni kwamba ataketi kando yangu siku ya kwanza ya kuteremka sokoni.

Shangazi yetu, dada ya baba, alipita akitoka kuchuma. Kikapu kilikuwa mgongoni, na mkononi ile fimbo nyembamba iliyonyooka, ambayo wachumaji huilaza juu ya michai ili mkono usizame chini ya kiwango.

“Shangazi, njoo uone gari!”

“Gari liko wapi? Mimi naona kitanda.”

Aliilaza fimbo yake juu ya chesisi, upande wa mbele, akamtuma Chebet alete ya mama yetu, akailaza nyuma. Akainama, akafumba jicho moja.

“Hebu chungulia. Ya mbele imelalia upande wa Litein, ya nyuma imelalia upande wa pili, kule Siongiroi. Ulipimia nini?”

“Nilipimia chai.”

“Chai hufuata mlima, wewe! Mchai hauendi mahali. Hili litateremka na Chebet. Gurudumu moja likining’inia hewani kwenye matope, mtoto utamshikia wapi?”

“Lakini nimeshachomelea, Shangazi.”

“Basi kata.”

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa wangu nilikuwa nimeuchomelea. Nilikata huku nikinung’unika, na yeye akasimama pale pale, kikapu bado mgongoni, mpaka kiungo cha mwisho kikaachia.

Siku ambayo majani ya chai hayakupokewa, alituombea sakafu ya saruji ya kituo cha kupokelea chai. Alishika ncha ya kamba kwa mkono wake, tukapima kutoka pembe hadi pembe, mshazari huu na ule, mpaka vipimo vikalingana. Safari hii kila kiungo nilikishikiza kwanza kwa tone dogo tu la kuchomelea. Shangazi akachungulia tena juu ya fimbo zake, akaguna, “Sasa ni gari.” Ndipo nikamalizia.

Mvua ilitukuta kwenye mteremko, siku ile ya kwanza. Barabara iliteleza kama sabuni, na magurudumu yote manne yakashika ardhi. Mama yako aliimba hadi sokoni. Sijawahi kuusikia wimbo uliopotoka kiasi kile, wala ulionifurahisha zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, usikate chuma chochote kabla hujaiweka injini, giaboksi na ekseli sakafuni, mahali hasa zitakapokaa. Pima kutoka hapo. Tafuta sakafu iliyo sawa, hata kama ni ya kuomba; kuuliza si ujinga. Shikiza kwanza, uchomelee baadaye. Zaidi ya yote, mwite mtu anayekupenda wewe kuliko anavyokipenda chuma chako, na akikwambia kata, kata.

Mungu aibariki mikono yako, aulinde kila mteremko utakaoushuka, na akujalie mtu wa kukukemea mapema. Mimi alinijalia. Kila nimwonapo mama yako akicheka, namshukuru Shangazi upya, na ningependa nawe ulijue jina lake: Tapkigen.